Mkono Ukikwama, Badilisha Unachoshika

Ukitoka Uvira kwa barabara ya taifa namba 5 kuelekea Baraka, milima inakubana mkono wa kulia na Ziwa Tanganyika linakusindikiza mkono wa kushoto mpaka ufike Makobola. Huku hakuna atakayekuelekeza kwenye duka la rangi za msanii. Utakachokiona ni nyavu zilizochanika, bidoni za mawese zilizopasuka, magunia ya unga, vibao vya mitumbwi iliyokufa, na vipande vya kitenge vilivyorundikana chini ya cherehani. Mwenye jicho la haraka ataviita takataka. Msanii aliyeishiwa mawazo angefaa aviangalie mara ya pili.

Kuishiwa mawazo si jambo la wavivu. Huwapata hasa wanaofanya kazi kila siku. Mchoraji wa mabango anayeishi kwa kuandika majina ya maduka na kuchora vichwa kwenye kuta za vinyozi hufika mahali mkono ukatembea peke yake huku akili imelala. Miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi na miji ya migodi ya Katanga walirudia picha zilezile kwa sababu ndizo zilizonunuliwa na kutundikwa sebuleni: mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au askari wa enzi ya Wabelgiji akisimamia mfungwa anayechapwa viboko. Soko liliagiza, mkono ukatii.

Dawa ambayo wasanii wengi wameijaribu haianzi kichwani, inaanzia mkononi. Weka brashi chini, shika kitu kingine. Karatasi, waya, kitambaa na picha ya zamani vikikutana katika kazi moja, ndiyo inayoitwa sanaa mseto. Kitu usichokizoea hakikubali njia uliyoizoea, na hapo akili hulazimika kuamka.

Wazee walitangulia

Vitabu vya sanaa vya Ulaya hupenda kuanzia Paris mwaka 1912, Picasso alipobandika kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta chenye chapa ya ukili wa kiti juu ya mchoro wake na kuuzungushia kamba. Mbembe wa milima ya Fizi hana sababu ya kuanzia huko. Barakoa ya elanda, inayohusishwa na jando la wavulana, ilitengenezwa kwa ngozi au gome la mti lililopondwa, ikashonewa kauri na shanga. Ile ya alunga ilikuwa ya mti, yenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, na juu yake vilichomekwa manyoya ya ndege na miiba ya nungunungu, huku mwili wa mchezaji ukifunikwa na nyuzi za mimea.

Tazama safari iliyomo humo. Mti na miiba vilitoka msituni, lakini kauri zilitoka Bahari ya Hindi, zikapita mikono mingi ya wafanyabiashara hadi kuvuka ziwa. Wazee hawakuuliza kama kitu cha mbali kinafaa kukaa na cha karibu, walishona. Barakoa zilipochukuliwa kupelekwa makumbusho ya Ulaya, mara nyingi kilichobebwa ni kichwa cha mti tu, nyuzi na ngoma vikaachwa. Ndipo tukaanza kuamini kwamba sanaa yetu ni kinyago cha mti na basi.

Mkasi, gundi na wembe

Mkongomani aliyeifikisha mbali njia hii ni Bodys Isek Kingelez. Alizaliwa mwaka 1948 Kimbembele Ihunga, akahamia Kinshasa, akafundisha shule, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 akashikwa na hamu ya kukata na kubandika karatasi. Alipopeleka jengo lake dogo la karatasi kwenye makumbusho ya taifa, wahusika hawakuamini kwamba ni kazi ya mikono yake. Wakamtaka atengeneze jingine mbele ya macho yao. Alilitengeneza, wakamwajiri kukarabati barakoa za zamani.

Kwa miaka kadhaa, basi, mtu huyu alishinda akirudishia nyuzi, shanga na vipande kwenye kazi za mababu. Baadaye aliendelea kujenga miji mizima ya kuwaziwa kwa kartoni, karatasi za rangi, vifuniko vya chupa, mirija ya soda na maboksi ya bidhaa. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la MoMA la New York likamfanyia maonyesho makubwa ya peke yake. Kinshasa aliyoijenga haikuwa na shimo barabarani wala umeme uliokatika. Kartoni ilimruhusu kujenga kile ambacho saruji ilimnyima.

Kitu kina kumbukumbu yake

Hata hivyo, sanaa mseto haiishii kwenye uchangamfu wa rangi. Freddy Tsimba, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1967, huchomelea maganda ya risasi, vijiko na mapanga mpaka yawe miili ya wanadamu, mara nyingi wanawake wajawazito. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, alichukua picha za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni zilizotunzwa kwenye hifadhi za kampuni ya migodi, akaziunganisha na picha alizopiga mwenyewe kwenye magofu ya migodi ya Gécamines. Baba na babu wakasimama tena mahali walipomwaga jasho, safari hii katikati ya kutu.

Makobola inaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mwishoni mwa mwaka 1998 na mwanzoni mwa 1999 raia kwa mamia waliuawa hapa, na familia bado zinawakumbuka. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba za Uvira, watu wakaishi chini ya maturubai. Mahali kama hapa, turubai, kiatu kilichobaki au kipande cha bati hakiwi urembo wa picha. Anayekitumia ajue ni cha nani, aombe ruhusa kwa wenyewe, na asiuze msiba wa jirani kwa mgeni anayepita.

Kazi yenyewe

Anayetaka kuanza aanze na vitu viwili au vitatu, si kumi. Uji mzito wa unga wa muhogo hushika vizuri karatasi na kitenge chepesi, ila mende na panya wanaupenda, kwa hiyo kazi ikauke kabisa juani na kuhifadhiwa mahali pakavu. Kartoni ikipakwa gundi upande mmoja hujikunja. Bandika karatasi upande wa pili pia, kisha ilaze chini ya mawe. Vitu vizito havibandikwi, hushonwa kwa uzi wa wavu au kufungwa kwa waya. Wavu uoshwe kwanza, la sivyo harufu ya ndagala itamfukuza mtazamaji kabla hajatazama. Plastiki ikatwe, isiyeyushwe motoni, kwa maana moshi wake ni sumu.

Mwalimu wa shule isiyo na penseli za rangi anaweza kuanza hivyo Jumatatu. Fundi cherehani akiombwa vipande hukataa mara chache.

Wako watakaosema hii ni sanaa ya umaskini, na kwamba kijana akipata fedha atanunua rangi za kweli. Lakini mchoraji Henri Matisse hakuwa maskini alipougua mwaka 1941, akashindwa kusimama mbele ya turubai lake, akashika mkasi na karatasi. Kazi za karatasi za uzee wake leo zinahesabiwa miongoni mwa bora alizoziacha.

Kipimo ni kimoja, kwa tajiri na kwa maskini. Kama umetumia wavu, uondoe kwenye picha yako. Ikiwa bado inasema yaleyale, ulikuwa unapamba, na yale mazoea ya zamani bado yanakuongoza. Ikiwa imepoteza maana, wavu umekufikisha mahali ambapo brashi peke yake isingekufikisha, na kesho una sababu ya kuamka ufanye nyingine.