Je, wajua kwamba nozeli hii haivuti chochote?

Mkulima wa kahawa wa Tetu au Othaya anaijua nozeli vizuri: ile ncha ya mbele ya pampu ya mgongoni ambayo ikiziba asubuhi ya kunyunyizia dawa, siku imeharibika. Ninayotaka kuizungumzia ni jamaa yake wa mbali. Hii hainyunyizi, inanyanyua. Hufungwa kwenye kichwa cha mashine inayopachika vijenzi juu ya bodi za saketi, na tundu lake laweza kuwa na kipenyo cha milimita 0.4 tu, hata ncha ya kalamu haiingii.

Mzigo wake wa kawaida ni rezista ya saizi ya 0603, yenye urefu wa milimita 1.6 na upana wa 0.8. Ukiiweka kando ya punje ya mchele, mchele utaonekana gogo. Uzito wake ni kama miligramu 2. Fundi wa simu huishika kwa kibano huku amebana pumzi, maana chafya moja yatosha kuipoteza milele. Mashine hupachika maelfu ya hizo kwa saa moja.

Waulize watu mashine hiyo inazinyanyuaje, na wengi watakwambia inazivuta. Sivyo. Pampu huondoa hewa ndani ya nozeli, na kazi yake huishia hapo. Anayebeba mzigo ni hewa ya nje, inayokisukuma kijenzi kutoka chini hadi kikabanwa kwenye ncha. Ndivyo soda inavyopanda kwenye mrija pia: wewe unapunguza hewa mdomoni, hewa ya chumbani inaisukuma soda ikufikie.

Ikiwa hewa ndiyo mbebaji, basi yafaa kuuliza ina nguvu kiasi gani mahali ulipo. Mwaka 1648 Blaise Pascal alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na mirija ya zebaki. Kadiri alivyopanda, zebaki ilishuka. Sisi wa Nyeri hatuna haja ya kupanda popote, tayari tuko juu. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,760 hivi, na kanieneo ya hewa yake ni kama kilopaskali 82, ilhali Mombasa ni 101. Moja ya tano imepotea njiani. Ndiyo sababu maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na githeri hukawia jikoni, na pakiti ya krispi iliyofungwa pwani hufika huku imevimba.

Nozeli nayo hulipa kodi hiyohiyo. Chukua pampu inayoweza kuondoa asilimia 80 ya hewa. Kwenye tundu la milimita 1, Mombasa itashikilia karibu gramu 6.5. Nyeri, tundu lilelile na pampu ileile, ni gramu 5 na kidogo. Kwa rezista yetu haidhuru kitu, kwani hata tundu la 0.4 lina nguvu mara mamia ya uzito wake. Shida huja kwa vijenzi vizito, chipu pana na soketi za chuma, hasa kichwa cha mashine kinapochomoka kwa kasi na kusimama ghafla. Hapo kinachoujaribu mshiko ni mtikisiko, na kijenzi huteleza pembeni hata kama hakikudondoka.

Kwa hiyo kuchagua nozeli ni kutafuta tundu kubwa kadiri mgongo wa kijenzi unavyoruhusu. Ukizidisha, ncha itachungulia nje ya kingo, hewa itapenya, kamera ya mashine itashindwa kuona kijenzi kinaishia wapi, na ncha yenyewe itajichovya kwenye ujiuji wa lehemu au kumgonga jirani. Ukipunguza mno, kijenzi kitayumba mashine inapokizungusha. Kwa nozeli za mtindo wa Juki, zinazopendwa pia na wanaojiundia mashine nyumbani, namba 503 huchukua 0603, namba 504 huchukua 0805, na 505 huenda kwenye chipu ndogo zenye miguu. Hayo ni mazoea tu. Mgongo wa kijenzi ndio wenye neno la mwisho, nao si tambarare kila mara. Taa ndogo za LED zenye kichwa laini cha silikoni hunata kwenye ncha ya kawaida, zikahitaji nozeli inayoegemea kingo tu. Soketi nyingine zina uwazi juu, basi kiwanda huzibandika kifuniko cha plastiki ili nozeli ipate pa kushika. Zikishapachikwa, kifuniko hutupwa. Napenda sana jambo hilo: kipande kizima cha plastiki kimetengenezwa ili kiguswe mara moja.

Nairobi, kampuni ya Gearbox Europlacer huunganisha bodi kwa mashine za namna hii. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kina kampuni ya Semiconductor Technologies Limited ndani ya uwanja wake.

Yeyote atakayeleta mashine ya kupachika milimani atazame kwanza kihisi cha ombwe, kile kinachopima ni kanieneo kiasi gani imeondolewa ndani ya nozeli. Mashine nyingi huamua kama kijenzi kimeshikwa kwa kulinganisha usomaji wa kihisi na namba iliyowekwa. Kama namba hiyo iliwekwa usawa wa bahari, tuseme kilopaskali 70, ile pampu yetu ya asilimia 80 haitaifikia Nyeri hata iungurume namna gani, kwa kuwa asilimia 80 ya 82 ni karibu 66 tu. Mashine itapiga kelele kwamba mkono ni mtupu, na rezista iko palepale kwenye ncha. Fundi atabadilisha nozeli, ataiosha kwa spiriti, atabadilisha tena. Dawa ni kuishusha ile namba.