Kutenga si Kufunga: Istilahi za Faili la Ujenzi wa Programu ya jail

Mtafsiri akipewa nyaraka za mfumo endeshi, huogopa sura ndefu za maelezo ya kitaalamu, na faili la ujenzi lenye mistari ishirini na kitu huliona kuwa kazi ya dakika chache. Kumbe makosa mabaya zaidi hutokea katika faili hilo fupi. Neno likikosewa katika sura ndefu, msomaji hulisahihisha kwa kusoma sentensi zinazofuata. Likikosewa katika faili la ujenzi, hakuna sentensi inayofuata, na programu inayojengwa inaweza kutoka ikiwa pungufu bila mtu kuarifiwa.

Makala haya yanachukua mfano mmoja halisi: faili la ujenzi la programu ya jail katika mfumo endeshi wa FreeBSD. Yanaeleza kazi ya programu hiyo, kisha faili linaloijenga, kisha namna ya kulitunza, na katika kila hatua yanapima maneno ya Kiswahili yanayofaa. Mifano ya matumizi ya kila siku imechukuliwa Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, kwa kuwa huko kitenzi kutenga kimetumika katika mambo ya uhai na riziki, na maana yake inajulikana bila ya kufundishwa.

Kazi ya programu ya jail

Mchakato ni programu iliyomo katika kutenda kazi. Kompyuta moja inayohudumia watu wengi huwa na michakato mingi kwa wakati mmoja: mmoja hupokea barua pepe, mwingine huonyesha tovuti, mwingine hutunza kumbukumbu za malipo. Mmoja wao ukiingiliwa na mhalifu, yote iko hatarini, hasa ikiwa mchakato huo una mamlaka ya mtumiaji mkuu, ambaye mfumo haumkatazi kitu.

Jaribio la mwanzo la kuuwekea mchakato mpaka lilikuwa amri ya chroot, iliyoonekana katika toleo la saba la Unix mwaka 1979. Amri hiyo huufanya mchakato uione saraka moja kana kwamba ndiyo mzizi wa mafaili yote. Mpaka huo ulihusu mafaili tu. Mtandao, michakato mingine na mamlaka ya mtumiaji mkuu havikuguswa. Poul-Henning Kamp aliuendeleza wazo hilo, na matokeo yake yakatolewa katika FreeBSD 4.0, mwezi Machi 2000. Kila eneo linaloundwa na jail huwa na mti wake wa saraka, jina lake la kompyuta na anwani zake za mtandao. Michakato iliyomo haiioni michakato ya nje, na mtumiaji mkuu wa ndani hana mamlaka yote aliyo nayo wa nje. Kitu kimoja tu kinabaki cha wote: kiini cha mfumo endeshi.

Kutenga, kutenganisha na kufunga

Jina jail ni jina la programu, nalo haligeuzwi linapotumika kama amri. Swali linakuja tunapotaka kueleza kazi yake. Wengi huanza na jela au gereza, wakasema kwamba mchakato “umefungwa jela”. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini inapotosha mambo mawili. Kwanza, kufungwa kunamfanya msomaji afikirie hatia, ilhali mchakato unaowekwa humo haujatenda kosa. Umewekwa humo kabla ya kosa lolote, ili madhara yakija yasienee. Pili, kufungwa kunamfanya afikirie kwamba kazi imesimama, ilhali mchakato huo unaendelea kuwahudumia watu kama kawaida.

Kitenzi kinachofaa ni kutenga: kuweka kitu kando ya vingine kwa kusudi maalumu. Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani Bukoba. Watu 9 walihesabiwa kuwa wagonjwa, mmoja wao akiwa ni wa kudhaniwa, na 6 walifariki dunia. Wagonjwa walitengwa, na waliokuwa wamekaribiana nao walifuatiliwa afya zao kwa siku 21. Tarehe 2 Juni 2023 mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha. Hakuna aliyesema kwamba wagonjwa hao “walifungwa”. Walitengwa, na kila mtu alielewa kwamba kutengwa hakukuwa adhabu.

Kutenganisha ni jambo jingine. Kitenzi hicho kinahitaji pande mbili zilizokuwa pamoja: hutenganisha watu wawili wanaogombana, au mchele na chuya zake. Mtu akiandika “jail hutenganisha michakato”, msomaji anaweza kudhani kwamba kila mchakato uko peke yake. Sivyo, michakato mingi inaweza kuishi pamoja katika eneo moja, na kinachotengwa ni eneo zima. Basi tuseme: “jail huitenga michakato katika eneo lake.” Tendo lenyewe ni utengaji, na hali inayopatikana ni utengano.

Mfano wa pili unaonyesha mwisho wa nguvu za utengaji. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uliingia Kagera katika miaka ya 2000, na wakulima wa Muleba na Bukoba walifundishwa kuliondoa shina lenye ugonjwa na kusafisha panga kwa moto au kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kugusa mgomba mwingine. Anayelitenga shina gonjwa kisha akaendelea na panga lile lile katika kibanja kizima hajatenga kitu. Katika kompyuta, panga hilo ni kiini, kwa sababu kinahudumia maeneo yote. Udhaifu ukiwa katika kiini, mipaka ya jail haitoshi. Mwalimu anayeeleza kwa neno gereza hupata shida kulisema jambo hili, maana wanafunzi tayari wana picha ya kuta nene. Anayeeleza kwa neno kutenga hulifikia kwa hatua moja.

Faili la ujenzi

Programu huandikwa na watu katika msimbo chanzo, kisha kompaila huugeuza kuwa lugha ya mashine. Programu kubwa huwa na mafaili mengi ya msimbo, na si busara kuyageuza yote upya kila herufi moja inapobadilishwa. Mwaka 1976 Stuart Feldman, katika maabara za Bell nchini Marekani, aliandika programu iitwayo make ili kulitatua tatizo hilo. Programu ya make husoma faili linaloeleza mambo matatu: kinachotakiwa kujengwa, vitu ambavyo lazima viwepo kwanza, na amri za kukijenga. Kisha hulinganisha nyakati za mafaili na kujenga upya yale tu yaliyopitwa na wakati.

Kinachotakiwa kujengwa tunakiita lengo. Vitu vinavyohitajika kwanza ndivyo vinavyowatatiza watafsiri. Wengi huviita “tegemezi” au “vitegemezi”, na hapo maana inageuka kichwa chini. Katika Kiswahili, mtegemezi ni yule anayemtegemea mwingine: mtoto ni mtegemezi wa mzazi. Kinachotegemewa ni tegemeo. Kwa hiyo lengo ndilo tegemezi, na mafaili ya msimbo ndiyo mategemeo yake. Anayesoma kwamba “mafaili ya msimbo ni vitegemezi vya programu” ataelewa kwamba programu ikibadilika msimbo utajengwa upya, nayo ni kinyume cha ukweli.

Faili la ujenzi la jail ni fupi kwa kuwa kanuni za jumla zimewekwa katika faili jingine, bsd.prog.mk, linalotumiwa na programu nyingi za FreeBSD. Lenyewe hutaja yale tu yanayoihusu jail. PROG ni jina la programu. MAN hutaja kurasa za mwongozo. SRCS ni orodha ya msimbo chanzo: faili kuu, mafaili ya amri, ya usanidi na ya hali, pamoja na mawili yanayozalisha kichanganuzi cha faili la usanidi. LIBADD hutaja maktaba zinazohitajika. CFLAGS hubeba maagizo kwa kompaila, na baadhi yake yamewekewa sharti: anwani za IPv6 zikiruhusiwa katika mfumo unaojengwa, agizo la kuziingiza huongezwa, zisiporuhusiwa, huachwa.

Majina hayo hayatafsiriwi, kwa sababu ni programu inayoyasoma. Hatari yake ni kwamba make hailalamiki inapokutana na jina lisilojulikana. Hulichukulia kuwa jina jipya tu. Mtu akigeuza SRCS kuwa VYANZO, bsd.prog.mk itadhani kwamba orodha haikutolewa, na itatafuta faili moja tu, jail.c. Ujenzi utakwama, na kosa litaonekana. Lakini akigeuza jina la CFLAGS katika ule mstari wenye sharti pekee, ujenzi utafika mwisho kwa amani, na sehemu za IPv6 hazitaingia. Kinachotafsiriwa ni maelezo yanayoanza na alama ya reli (#), na nyaraka zilizo nje ya faili. Tena, katika kanuni za make, mstari wa amri huanza kwa kituo cha tabo. Programu ya kuandikia barua ikikigeuza kuwa nafasi, faili huharibika ingawa machoni halijabadilika.

Kutunza faili la ujenzi

Kitenzi kinachofaa hapa ni kutunza, si kutengeneza. Hutengenezwa kilichoharibika, hutunzwa kile kinachotakiwa kisiharibike. Faili la ujenzi hutunzwa kwa sababu msimbo unabadilika kila mara, nalo lisipobadilika pamoja nao huanza kusema uongo.

Uongo wa kwanza ni tegemeo lisilotajwa. Tuseme faili la vichwa, linaloeleza umbo la data inayotumiwa na mafaili yote, limebadilishwa, lakini make haikuambiwa kwamba mafaili mengine yanalitegemea. Itajenga upya baadhi na kuyaacha mengine. Programu itakuwa na nusu inayolijua umbo jipya na nusu inayolijua la zamani. Ndiyo maana mifumo ya ujenzi ya leo humwachia kompaila kazi ya kuyaorodhesha mategemeo ya namna hii yenyewe.

Uongo wa pili ni wa mpangilio. Kichanganuzi cha jail huzalisha faili la y.tab.h, nalo lazima liwepo kabla ya sehemu nyingine kugeuzwa. Kazi zikifanywa moja baada ya nyingine, huenda mpangilio ukawa sawa kwa bahati. Zikifanywa sambamba, leo ujenzi utafaulu na kesho utakwama. Kulitaja faili hilo katika SRCS kunaiondoa bahati hiyo.

Uongo wa tatu ni wa masalio. Uchanganuzi huo huacha pia taarifa katika faili la y.output. Lisipotajwa miongoni mwa yanayofutwa, hubaki katika saraka, na mtu wa baadaye hulidhani kuwa sehemu ya msimbo.

Makosa yanayokwamisha ujenzi ni ya heri, kwa kuwa hujitangaza. Yanayopita kimya ndiyo yanayotisha, hasa katika programu ambayo kazi yake ni kutenga. Msimamizi wa seva ataamini kwamba mpaka upo kwa sababu jina la programu lipo.

Muhtasari wa matumizi

Faili (la, mafaili). Husikika pia katika upatanisho wa “faili ya”. Chagua mmoja na udumu nao katika andiko zima.

Tenga, kitenzi. Tumia kwa kazi ya jail: “mchakato uliotengwa”. Usilichanganye na nomino tenga, yaani kikapu kikubwa cha kubebea samaki au matunda.

Jela, gereza. Yaweza kutajwa mara moja kueleza asili ya jina la programu. Yasitumike kueleza kazi yake.

Lengo. Kinachotakiwa kujengwa.

Tegemeo (mategemeo). Kinachohitajika ili lengo lijengwe. Usiseme tegemezi.

Kiini. Sehemu ya mfumo endeshi inayotumiwa na maeneo yote.

Kutunza. Kulifanya faili la ujenzi liendelee kulingana na msimbo.

Kiswahili kimeingia katika kompyuta zamani kiasi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na vitufe na orodha za amri vikapata majina. Kazi iliyobaki ni ya ndani zaidi, nayo haihitaji maneno mapya mengi. Kabla ya kuunda istilahi, mtafsiri na ajiulize maswali mawili: nani anamtegemea nani, na kinachowekwa kando kinawekwa kwa sababu gani? Akiweza kuyajibu kwa sentensi ambayo mkulima wa Muleba angeielewa, neno analolitafuta limo ndani ya sentensi hiyo.