Kompyuta kuukuu yaweza kuwa ghala la kumbukumbu za chama, duka na familia

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu ni wa enzi za daftari la karatasi, lakini mwuzaji wa viazi, mwenye kibanda cha mitumba na karani wa chama katika soko la Gakoromone, mjini Meru, bado wana sababu ya kuuzingatia. Tofauti ni kwamba daftari lenyewe sasa limo ndani ya simu au kompyuta. Siku kifaa hicho kinapoibwa, kuanguka au kukataa kuwaka, hesabu za miaka huondoka nacho.

Chukua mfano wa chama cha wanachama 30 wanaokopeshana kila mwezi. Rekodi za nani amekopa, nani amelipa na nani ni mdhamini wa nani zimo kwenye kipakatalishi kimoja cha karani. Diski ikiharibika, pesa hazijapotea. Ziko mikononi mwa waliokopa. Kilichopotea ni ushahidi. Hapo ndipo majirani walioaminiana kwa miaka mingi huanza kutiliana shaka.

Njia moja ya kujikinga kwa gharama ndogo ni kutumia kifaa ambacho huenda tayari kiko nyumbani: kompyuta ya zamani iliyofunikwa kwa kitambaa pembeni mwa sebule. Ikitayarishwa vyema, inaweza kuwa seva ya faili.

Seva ya faili ni nini?

Seva ya faili ni kompyuta ambayo kazi yake ni moja: kutunza faili na kuzitoa kwa vifaa vingine vilivyo kwenye mtandao mmoja. Haihitaji skrini wala kibodi baada ya kutayarishwa. Inakaa karibu na ruta, na simu au kompyuta za nyumbani au dukani huweka faili humo na kuzichukua kwa kupitia waifai au waya.

Seva hii haihitaji bando ili kufanya kazi ndani ya nyumba. Faili hutoka kwenye simu, hupita kwenye ruta na kuingia kwenye seva bila kwenda nje ya boma. Mei 12, 2024, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo, mwenye faili zake kwenye hifadhi ya mtandaoni husubiri. Mwenye seva yake huendelea na kazi.

Kuna pia suala la kasi. Mpiga picha za harusi mwenye picha 1,000, kila moja ikiwa na megabaiti 5, ana gigabaiti 5 za kuhifadhi. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua zaidi ya saa moja. Kwa waya wa kawaida wa mtandao wenye kasi ya megabiti 100, huchukua karibu dakika 7.

Sababu nyingine ni ushuru. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 humtaka mlipa ushuru atunze rekodi zake kwa miaka mitano. Simu nyingi hazikai na mwenyewe muda huo wote.

Kompyuta gani inafaa?

Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine hizo bado ni imara. Seva ya faili haifanyi kazi nzito, kwa hivyo kompyuta ya miaka 10 iliyopita yaweza kutosha, mradi itimize mambo haya:

• Iwe na prosesa ya biti 64 na RAM ya angalau gigabaiti 2. Gigabaiti 4 ni bora zaidi.
• Iwe na tundu la waya wa mtandao. Waifai hukatika na haifai kwa seva.
• Iwe na diski mbili: moja ya mfumo endeshi na nyingine ya faili. Kwa kipakatalishi, diski ya nje inayochomekwa kwa USB yaweza kubeba faili.

Sehemu ya kutiliwa shaka zaidi ni diski yenyewe. Diski za zamani huwa na visahani vinavyozunguka mara maelfu kwa dakika, na huchakaa. Ikiwa inatoa mlio wa kugonga, isitumiwe. Kama kuna pesa za kununua kitu kimoja tu kipya, kiwe diski ya faili. Diski ya terabaiti 1 hubeba takriban picha 200,000 za megabaiti 5 kila moja, na karatasi za hesabu zilizopigwa picha huchukua nafasi ndogo zaidi.

Betri ya kipakatalishi ikaguliwe pia. Ikiwa imefura, fundi aitoe kabla ya kitu kingine chochote, kwani betri ya aina hiyo yaweza kushika moto.

Hatua kwa hatua

Kwanza, nakili faili zote zilizomo kwenye kompyuta hiyo na uziweke mahali pengine. Kuweka mfumo mpya hufuta kila kitu kwenye diski inayochaguliwa.

Pili, pakua mfumo endeshi. Ipo mifumo ya bure iliyotengenezwa kwa kazi hii. Mmojawapo ni OpenMediaVault, uliojengwa juu ya Debian, ambayo ni aina ya Linux. Faili yake ina ukubwa wa karibu gigabaiti moja. Ichukuliwe kutoka tovuti rasmi ya wenyewe pekee, kisha iandikwe kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Asiye na intaneti ya kutosha nyumbani anaweza kufanya hatua hii kwenye saiba.

Tatu, chomoa diski ya faili ili isifutwe kwa bahati mbaya. Chomeka flashi, washa kompyuta na uchague kuanzia kwenye flashi. Fuata maagizo, chagua diski ya mfumo, na uandike nywila ya msimamizi kwenye karatasi itakayofungiwa mahali salama. Kazi ikiisha, zima mashine, toa flashi, rudisha diski ya faili na uunganishe seva na ruta kwa waya.

Nne, ipe seva anwani isiyobadilika. Kila kifaa kwenye mtandao hupewa nambari, kwa mfano 192.168.1.50. Nambari hiyo ikibadilika kila stima inaporudi, vifaa vingine vitashindwa kuipata seva. Kwenye mipangilio ya ruta kuna sehemu ya kuhifadhi nambari moja kwa kifaa kimoja.

Tano, fungua kivinjari kwenye kompyuta nyingine au simu, andika nambari ile, na ukurasa wa usimamizi utatokea. Jina la kuingilia la mwanzo ni admin na nywila ni openmediavault. Dunia nzima inajua nywila hiyo. Ibadilishe mara moja.

Sita, tayarisha diski ya faili kwa muundo wa ext4, tengeneza folda na uweke watumiaji. Kama diski si mpya, hakikisha kwanza kuwa haina kitu cha thamani, kwa sababu kuitayarisha pia hufuta kilichomo. Hapa ndipo chama hupata faida kubwa. Karani apewe ruhusa ya kuandika kwenye folda ya hesabu. Mwenyekiti, mweka hazina na wakaguzi wapewe ruhusa ya kusoma tu. Kila mmoja awe na jina na nywila yake. Kwa njia hiyo, viongozi wote wanaona hesabu zilezile, na ni mmoja tu anayeweza kuzibadilisha.

Saba, washa huduma ya SMB, ambayo ndiyo lugha ya kushirikiana faili inayoeleweka na Windows, Linux na simu. Kwenye Windows, fungua dirisha la faili na uandike \\192.168.1.50 pale juu. Kwenye simu, tumia programu ya faili inayokubali SMB. Kwa anayefahamu kompyuta, kazi hii yote huchukua nusu siku. Asiyefahamu amwite fundi, lakini akae naye, na nywila aziweke mwenyewe.

Stima itagharimu kiasi gani?

Kompyuta ya mezani ya zamani, ikiwa haina kazi nzito, hutumia takriban wati 50. Ikiwaka usiku na mchana hutumia uniti 1.2 kwa siku, yaani uniti 36 kwa mwezi. Ikiwashwa kwa saa 10 pekee, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, hutumia uniti 15. Kipakatalishi cha wati 15 kikiwaka saa zote hutumia uniti 11 hivi. Zidisha kwa bei ya uniti kwenye risiti yako ya tokeni ili ujue gharama.

Kipakatalishi kina faida nyingine: betri yake nzima huendeleza kazi stima inapopotea. Seva ya mezani inafaa kuwa na UPS, kwa maana stima ikikatika ghafla wakati faili inaandikwa, faili hiyo yaweza kuharibika. Mashine iwekwe mahali penye hewa, mbali na vumbi, na ipandishwe juu ya meza ili maji ya mvua ya masika au ya vuli yasiifikie.

Usalama na sheria

Mwaka 2017, programu hasidi ya WannaCry ilifunga faili za kompyuta katika nchi nyingi na kudai malipo. Ilipitia kasoro katika toleo la kwanza la SMB kwenye Windows ambazo hazikuwa zimesasishwa. Mafunzo ni matatu. Toleo hilo la kwanza lisiwashwe. Masasisho yawekwe kila mwezi. Na seva isifunguliwe kwa intaneti kupitia ruta. Ibaki ya ndani. Duka linalowapa wateja waifai liwatengee mtandao wa wageni usiofika kwenye seva.

Anayetunza nambari za vitambulisho, simu na mikopo ya watu wengine anafungwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Taarifa hizo zikusanywe kwa kazi inayojulikana, zisitumiwe kwa jambo lingine, na zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Taarifa zikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kukiwa na hatari ya kweli ya wahusika kudhurika, sheria hutaka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Chama kiweke kwenye kumbukumbu za mkutano majina ya wenye ruhusa ya kuingia kwenye seva, na anayetoka uongozini jina lake lifutwe siku hiyohiyo.

Seva moja haitoshi

Wengi hukosea hapa. Huhamisha faili zote hadi kwenye seva, hufuta zilizokuwa kwenye simu, na kudhani wamemaliza. Hapo faili bado iko mahali pamoja, na mahali penyewe ni mashine kuukuu.

Kanuni inayotumika duniani ni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila faili muhimu, kwenye vifaa vya aina mbili, na nakala moja iwe nje ya jengo. Kwa chama cha Gakoromone, nakala ya kwanza inakaa kwa karani na ya pili kwenye seva. Ya tatu iwe kwenye diski ya nje inayochukuliwa kila mwezi na kiongozi anayeishi kwingine, iwe ni Nkubu au Maua. Diski hiyo isiachwe imechomekwa, kwa sababu mwizi, radi au programu hasidi itakayofika kwenye seva itaifikia nayo. Wafanyabiashara wa Gikomba jijini Nairobi, soko ambalo limeungua mara kadhaa, wanajua kwamba moto hauchagui daftari la kuacha.

Kila mwisho wa mwezi, kiongozi mmoja afungue faili mbili au tatu kutoka diski ya nje na kuhakikisha zinasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado ni tumaini tu. Hati za karatasi kama vile hati miliki ya shamba zipigwe picha na kuhifadhiwa, lakini karatasi yenyewe isitupwe, kwani picha haichukui nafasi ya hati halisi.

Mashine isiyofaa tena

Si kila kompyuta ya zamani itafufuka. Ile iliyokufa isichomwe wala kutupwa kwenye taka za soko, kwa sababu ndani yake kuna madini kama risasi yanayodhuru maji na udongo. Diski yake itolewe na kuharibiwa kwanza ili rekodi zisiokotwe na mwingine, kisha mashine ipelekwe kwa wanaorejeleza taka za kielektroniki walio na leseni ya NEMA.

Anayetaka kuanza anaweza kuanza na folda moja pekee: daftari la mikopo la mwaka huu. Likishafika kwenye seva na kwenye diski ya nje, na viongozi watatu wakaweza kulifungua na kuona hesabu ileile, chama kitakuwa na ushahidi usiotegemea kipakatalishi cha mtu mmoja.