Kijiji cha mawese Indonesia: hela ipo shambani au kwenye duka la pembeni?

Kila mafuta ya kula yakipanda bei napata meseji za watu wanaouliza habari ya kuwekeza kwenye michikichi Indonesia. Wengi wameona video: nyumba ya bati jipya, pikipiki mbili mlangoni, michikichi mpaka macho yanachoka. Nimefuatilia hii kitu muda mrefu, na leo naiandika kwa jicho la mwenye duka, maana ndilo jicho nililonalo.

Kwanza ujue hivi vijiji vimetoka wapi. Java, Bali na Madura vimejaa watu, kwa hiyo serikali ilikuwa inahamisha familia kwenda Sumatra, Kalimantan na kwingine. Wadachi ndio walianza mwaka 1905 kule Lampung, halafu enzi za Rais Suharto mpango ukawa mkubwa kweli kweli. Makazi mapya yalipewa namba tu: SP 1, SP 2, SP 3. Mpaka leo kijiji kinaweza kuwa na jina lake zuri la serikali, lakini ukimuuliza mtu anakaa wapi anakujibu "SP 3".

Kuanzia miaka ya 1980 mpango huo ukaunganishwa na michikichi. Kampuni inakaa katikati na shamba lake pamoja na kiwanda, hiyo wanaiita inti, yaani kiini. Familia zinazozunguka zinaitwa plasma. Kila familia ilipewa hekta 2 za michikichi na kiwanja cha kujenga. Gharama za kupanda zilikuwa mkopo, na mkopo ulikatwa kidogo kidogo kwenye mauzo kupitia ushirika wa kijiji, KUD. Wengi walimaliza deni wakapata hati. Leo wakulima wadogo wanashika kama asilimia 40 ya eneo lote la michikichi Indonesia, nchi inayoongoza duniani kwa mawese.

(Na huu mti kwao ni Afrika Magharibi. Ile ya kwanza kule ilikuwa miche minne iliyopandwa kwenye bustani ya Bogor mwaka 1848. Ndugu zangu wa Kigoma, najua mnaguna.)

Sasa hesabu, maana ndio tunachopenda. Mchikichi unaanza kuvunwa ukiwa na miaka mitatu hivi. Baada ya hapo unavuna kila siku 10 hadi 14, mwaka mzima, hakuna kusubiri msimu kama mahindi. Hekta 2 zikitunzwa vizuri zinatoa tani 2 mpaka 3 kwa mwezi. Chukua kilo 2,500, na bei ya rupia 2,500 kwa kilo: unapata rupia 6,250,000. Kwa shilingi ya Tanzania ni kama laki tisa na kitu, kutegemea dola imeamkaje. Humo toa mvunaji, toa gari, toa mbolea, toa makato ya ushirika. Kinachobaki kinaendesha familia, ila utajiri wa kwenye video hautokani na hekta 2. Yule mwenye gari ana hekta 10, au ana kazi nyingine pembeni.

Halafu kuna kitu ambacho muuza nyanya atakielewa haraka kuliko muuza simu. Mkungu ukishakatwa unatakiwa ufike kiwandani ndani ya saa 24 hivi, ukichelewa asidi inapanda na mafuta yanaharibika. Huna stoo ya kuweka mzigo usubiri bei. Barabara nyingi za huko ni udongo mwekundu. Ikinyesha siku tatu gari linanasa na mzigo wako unaozea kando ya njia. Kwa hiyo mwenye hekta 2 karibu na kiwanda na mwenye hekta 2 kilomita 40 ndani ndani hawana mali sawa, hata kama hati zinafanana.

Hapo ndipo anapoingia toke. Huyu ni mnunuzi wa kati, ana gari na mzani. Mkulima wa plasma anauza kiwandani kwa bei inayopangwa na kamati ya mkoa, kulingana na umri wa miti. Mkulima anayejitegemea, asiye na mkataba na kiwanda, anamuuzia toke kwa bei ya chini. Toke pia anakopesha: mtoto anaenda shule, mke anajifungua, pesa unapata leo leo bila karatasi. Malipo ni mikungu, na ukishakopa huwezi kumpelekea mwingine mzigo. Watu wa Mtwara na Lindi mliowahi kuona kangomba ya korosho mnaijua hii hadithi. Mimi simuiti toke mwizi moja kwa moja, kwa sababu benki haiji SP 3 saa mbili usiku. Ila anayekopa kwake ajue bei ameshaikabidhi.

Tukio la kukumbuka ni la 2022. Mafuta ya kula yalipanda mpaka Waindonesia wenyewe wakapanga foleni, na kuanzia tarehe 28 Aprili serikali ikapiga marufuku kuuza mawese nje. Marufuku ilidumu mpaka tarehe 23 Mei, hata mwezi haukuisha. Lakini matangi ya viwanda yalijaa, na kiwanda chenye tangi lililojaa hakinunui mikungu. Wakulima wakaandamana Jakarta. Marufuku ilipoondolewa matangi bado yalikuwa yamejaa, bei ikaendelea kushuka. Kilo iliyokuwa zaidi ya rupia 3,000 mwanzoni mwa mwaka ikawa sehemu nyingine chini ya 1,000 katikati ya mwaka. Rudi kwenye zile kilo 2,500 zetu: ni chini ya rupia 2,500,000, na mbolea mwaka huo huo ilikuwa imepanda sana sababu ya vita ya Ukraine. Huku kwetu wauza mafuta walilia bei juu, na yule anayelima mwenyewe alilia bei chini. Wiki zile zile.

Swali lenu kubwa: je, mgeni anaweza kununua hizo hekta? Jibu ni hapana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 inasema hati ya umiliki kamili, Hak Milik, ni ya raia wa Indonesia. Mgeni anaweza kupata haki ya kutumia au kukodi, kwa masharti. Kuna watu watakwambia "tumia jina la rafiki Mwindonesia". Sheria hiyo hiyo inasema kumuuzia mgeni kwa mlango wa nyuma ni batili na ardhi inaangukia serikalini. Yaani ukigombana na rafiki, huna pa kwenda kushtaki. Njia halali ni kufungua kampuni ya kigeni, na hiyo inadai uwekezaji wa zaidi ya rupia bilioni 10. Hiyo ni kama shilingi bilioni moja na nusu. Mimi na wewe tunauza vitenge na vifuniko vya simu.

Hata raia mwenyewe anatakiwa aangalie karatasi. Kuna hati kamili ya ofisi ya ardhi, na kuna barua ya mkuu wa kijiji inayosema shamba ni la fulani. Barua ni rahisi kupata na shamba lake linauzwa bei chee. Shida inakuja ikigundulika shamba limo ndani ya eneo lililoandikwa kama msitu: hati hupewi, na ruzuku ya kupanda upya hupati.

Na hiyo ruzuku ndio moto wa sasa hivi. Mchikichi unazaa vizuri mpaka miaka 25 hivi, baada ya hapo unakuwa mrefu, mvunaji anahangaika na mundu kwenye mti mrefu na mikungu inapungua. Miti iliyopandwa mwishoni mwa miaka ya 1980 imeshazeeka. Kuikata na kupanda upya maana yake miaka mitatu bila mapato. Serikali ilianzisha mpango wa kusaidia mwaka 2017, ikitoa rupia milioni 25 kwa hekta, ikapanda 30 mwaka 2020, na 60 mwaka 2024. Bado wapo wanaoogopa kukata. Fikiria mzee wa miaka 60, mti wake unatoa nusu ya zamani lakini unatoa. Akikata leo, atakula nini mpaka atimize 63? Wengine wanapanda mahindi au matikiti katikati ya miche ili wasogeze siku. Kwa hiyo ukiona shamba la huko linauzwa bei nzuri, uliza kwanza miti ina umri gani.

Sasa duka. Kule duka dogo linaitwa warung, na linauza kwa daftari kama la kwetu. Wana plasma wengi wanalipwa mara moja kwa mwezi kupitia ushirika, kwa hiyo kijiji kizima kinakuwa na hela wiki moja na kinakopa wiki tatu. Wachuuzi wanaozunguka wanajua tarehe za malipo na wanakuja na nguo, vyombo na samaki wakavu siku hiyo hiyo. Mwenye warung anayedumu ni yule anayegawa mtaji wake kufuata hiyo tarehe: sabuni na mchele wa kukopesha, na vitu vya anasa vinaingia siku mbili kabla ya malipo. Wengi wameongeza uwakala wa benki, unaitwa BRILink, kazi yake kama wakala wetu wa simu: kutoa, kuweka, kulipia umeme. Kamisheni haitegemei bei ya mawese. Wanawake wana arisan, ambao ni upatu wetu kabisa, na mitaji mingi ya hizo warung inatoka humo.

Wenye akiba kidogo wananunua ng'ombe na kumkabidhi jirani amchunge chini ya michikichi, ndama wanagawana. Wengine, hasa Kalimantan, wanajenga jengo refu lisilo na madirisha, wanafunga spika inayolia sauti za ndege usiku na mchana ili mbayuwayu wa kule waje kujenga viota, maana viota vyake vinauzwa ghali China. Kuna majengo yana miaka, spika inalia, jirani halali, na ndege hajaja hata mmoja.