Kwa nini askari walionusurika vitani hujiua nyumbani?

Mwezi Mei mwaka 2009, kambi ya jeshi ya Fort Campbell, iliyo kwenye mpaka wa majimbo ya Kentucky na Tennessee nchini Marekani, ilisimamisha shughuli zake za kawaida kwa siku tatu. Hakukuwa na adui langoni wala maradhi ya kuambukiza. Brigedia Jenerali Stephen Townsend, mmoja wa makamanda wa kambi hiyo, aliwakusanya askari na kuwaambia kwamba vifo vya kujiua lazima vikome. Tangu mwaka uanze, askari wasiopungua 11 wa kambi hiyo walikuwa wamejitoa uhai.

Fort Campbell ni makao ya Divisheni ya 101, ambayo vikosi vyake vilikuwa vimekwenda Iraq na Afghanistan na kurudi, kisha vikapelekwa tena. Kilichotokea hapo kilikuwa kinatokea katika jeshi zima. Mwaka 2008, kiwango cha kujiua katika jeshi la nchi kavu la Marekani kilipita kile cha raia wa umri na jinsia kama yao, kwa mara ya kwanza tangu vita vya Vietnam.

Watu wale wale, vita vile vile

Ili kuelewa jambo hili, yafaa kutazama namna vita hivyo vilivyopiganwa. Wakati wa Vietnam, kijana aliyeandikishwa kwa lazima kwa kawaida alitumikia mwaka mmoja vitani, kisha akarejea kwao. Tangu mwaka 1973 jeshi la Marekani ni la watu wanaojiunga kwa hiari. Afghanistan ilipovamiwa mwaka 2001 na Iraq mwaka 2003, mzigo wa vita viwili uliwaangukia watu wachache, na njia pekee ya kujaza nafasi ikawa kuwarudisha wale wale.

Mwezi Aprili 2007, Waziri wa Ulinzi Robert Gates alirefusha zamu ya askari wa nchi kavu kutoka miezi 12 hadi 15. Mwaka 2008 zamu hiyo ilirudishwa kuwa miezi 12. Kuna askari ambao mikataba yao ilikuwa imekwisha, lakini wakazuiwa kuondoka hadi vikosi vyao vimalize kazi.

Uchunguzi uliofanywa na jeshi lenyewe nchini Iraq, na kutolewa mwaka 2008, ulionyesha gharama yake. Miongoni mwa masajini na makoplo waliokuwa katika zamu ya kwanza, takriban asilimia 12 walikuwa na dalili za maradhi ya akili. Kwa waliokuwa katika zamu ya tatu au ya nne, idadi hiyo ilifika asilimia 27. Kwa maneno mengine, uzoefu haukuwa kinga.

Mwili usiojua kwamba vita vimekwisha

Wataalamu wanaeleza kwamba akili ya askari hujifunza vitani mambo yanayomwokoa. Hujifunza kutilia shaka kila kifurushi kilicho kando ya barabara, kulala kwa jicho moja, na kuzima huzuni mwenzake anapouawa ili kazi iendelee. Akirudi nyumbani, mwili hauna habari kwamba hatari imepita. Mlango ukibamizwa, moyo unaruka. Sokoni anatafuta mahali pa kujibanza. Usiku usingizi haumjii, na ukija huja na waliokufa.

Hali hiyo huhitaji muda ili itulie. Zamu inayofuata inapomkuta kabla hajapona, kidonda hutoneshwa. Utafiti juu ya askari waliokwenda vitani mara mbili, uliochapishwa mwaka 2018, uligundua kwamba waliopumzika miezi sita au pungufu kati ya zamu hizo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua. Vivyo hivyo kwa wale waliopelekwa vitani kabla ya kutimiza mwaka mmoja jeshini.

Maradhi haya si mapya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Charles Myers aliyaandikia mwaka 1915, lakini jeshi la Uingereza liliendelea kuwapiga risasi askari wake kwa makosa kama utoro na woga. Baadhi yao leo wanaaminika kuwa walikuwa wagonjwa. Askari 306 miongoni mwao walisamehewa mwaka 2006, karibu miaka 90 baada ya kuzikwa. Kiwewe cha namna hii kiliingizwa rasmi katika orodha ya maradhi ya akili nchini Marekani mwaka 1980.

Si vita peke yake

Hata hivyo, itakuwa makosa kusema kwamba kila anayejiua aliuawa na vita. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliohusu Wamarekani zaidi ya milioni 3.9 waliotumikia jeshi, haukuona kwamba kwenda vitani peke yake kunaongeza hatari. Hatari iliongezeka kwa walioacha jeshi, hasa waliotumikia chini ya miaka minne au kuondolewa bila heshima kamili.

Matokeo haya yanafundisha jambo. Jeshini, askari ana wenzake, cheo na sababu ya kuamka asubuhi. Siku anapovua sare, vyote hivyo huondoka kwa pamoja. Hubaki deni, ndoa iliyoyumba, pombe, na mara nyingi silaha ndani ya nyumba. Ndiyo maana madaktari huzishauri familia kuiweka silaha mbali na mtu aliye katika kipindi kigumu, kwani mara nyingi wazo la kujiua hupita likikosa njia.

Kizuizi kingine ni aibu. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria mwaka 2008 kwamba takriban askari 300,000 waliorudi kutoka vita hivyo viwili walikuwa na kiwewe au sonona, na karibu nusu tu ndio waliokuwa wametafuta matibabu. Wengi waliogopa kupoteza vyeo. Hadi mwezi Julai 2011, familia ya askari aliyejiua akiwa vitani haikupata hata barua ya rambirambi ya Rais, kabla ya Barack Obama kubadili utaratibu huo.

Mwaka 2012 pekee, askari zaidi ya 300 waliokuwa kazini walijiua, wengi kuliko Wamarekani waliouawa na adui nchini Afghanistan mwaka huo. Mwaka 2021, mradi wa Chuo Kikuu cha Brown ulikadiria kwamba waliojiua miongoni mwa askari na wapiganaji wa zamani wa vita vilivyofuata Septemba 11 ni 30,177. Waliouawa katika operesheni za vita hivyo walikuwa 7,057.

Mficha maradhi

Suala hili linagusa pia jamii za Waafrika Mashariki. Kati ya mwaka 2009 na 2016, jeshi la Marekani liliandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha lilizozihitaji, Kiswahili kikiwemo, na kuwafungulia njia ya haraka ya uraia. Maelfu ya Waganda walilinda kambi za Marekani nchini Iraq wakiwa wameajiriwa na makampuni binafsi. Na tangu mwaka 2007, askari wa Uganda, kisha wa Burundi na Kenya, wamepigana nchini Somalia zamu baada ya zamu.

Wanaporejea, hupokewa kwa vigelegele na kuulizwa walicholeta. Ni nadra kuulizwa walichokiona. Nchini Kenya, sheria iliyomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 tu. Kabla ya hapo, aliyekiri kwamba amejaribu alijiweka katika hatari ya kushtakiwa.

Marekani ilifungua mwaka 2007 huduma ya simu ya saa 24 kwa wapiganaji wa zamani, ambayo tangu mwaka 2022 hupatikana kwa kupiga 988 na kubonyeza 1. Lakini huduma hiyo humfikia aliyekubali kunena. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa askari aliyefundishwa kuficha ili aishi, anayeweza kumtoa kimyani mara nyingi ni mke, mzazi au rafiki aliye tayari kuuliza bila kuogopa jibu, na kusikiliza bila kuhukumu.