RANGI ZA UPINDE WA MVUA: MWANGA, HESABU NA ISTILAHI

1. Suala

Alasiri, mvua inapopusa, mtu aliyesimama mjini Nakuru akilipa jua mgongo huweza kuuona upinde wa mvua upande wa mashariki, juu ya vilima vya Bahati. Mwanafunzi akiulizwa upinde huo una rangi ngapi, hujibu "saba" bila kuutazama, kwani ndivyo alivyofunzwa. Nami nilijibu vivyo hivyo nilipoulizwa ng'ambo, nikisomea shahada ya uzamili. Nilipotakiwa kuzitaja kwa Kiswahili, nilikwama kwenye ya sita. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa idadi hiyo haitokani na mwanga, na kwamba jambo hili lamhusu mwanaisimu anayeunda istilahi.

2. Mwanga na hesabu

Mwale wa jua uingiapo katika tone la mvua hupinda, huakisiwa na upande wa ndani wa tone, kisha hupinda tena utokapo. Mwaka 1637 Descartes alionyesha kwa hesabu kuwa miale mingi hukusanyika kwenye pembe ya nyuzi 42 hivi, ikipimwa kutoka mahali kinapoelekea kivuli cha kichwa cha mtazamaji. Baadaye Newton alieleza kuwa kila rangi hupinda kwa kiasi chake: nyekundu hukaa karibu na nyuzi 42, urujuani karibu na nyuzi 40. Hesabu hiyo pia yaeleza kwa nini mkazi wa Nakuru, aliye karibu na Ikweta, hauoni upinde angani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Wakati huo jua limepanda kupita nyuzi 42, na upinde wote umeanguka chini ya upeo wa macho.

Baina ya pembe hizo mbili hamna mpaka wowote. Urefu wa mawimbi ya mwanga hupungua kidogo kidogo, kutoka nanomita 700 hivi hadi 400 hivi. Newton mwenyewe alianza kwa kuhesabu rangi tano, kisha akaongeza mbili ili zipatane na ngazi ya sauti za muziki. Saba hizo ndizo zilizomo katika kitabu chake Opticks cha mwaka 1704. Kwa hiyo saba ni uamuzi wa mwanadamu.

3. Ushahidi wa Kiswahili

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa jina la kitu: kijani ni ya jani, manjano ni kiungo, zambarau ni tunda, kahawia yatokana na kahawa, samawati yatokana na neno la Kiarabu la mbingu. Berlin na Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969, walikitia Kiswahili miongoni mwa lugha ishirini walizozichunguza kwa wasemaji wake. Walidai kuwa lugha huanza na nyeupe na nyeusi, kisha nyekundu, ndipo nyingine zifuate. Vivumishi vyetu vitatu vyaafikiana na mpangilio huo. Yafaa tukumbuke kuwa viwili kati yake hutofautisha kwanza mwanga na giza.

4. Ramani za Bonde la Ufa

Huenda msomaji akauliza faida ya haya yote. Jibu limo katika ramani. Watafiti wa jotoardhi, kama wale wa Olkaria, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1981, na wa Menengai, ambako uchimbaji wa visima ulianza mwaka 2011, hupima jinsi miamba inavyozuia umeme. Vipimo vya namna hiyo mara nyingi huchorwa kwa rangi za upinde. Asiyejua hudhani kuwa nyekundu ni joto, ilhali kilichopimwa si joto.

Kuna kasoro kubwa zaidi. Rangi za upinde hazina mpangilio wa mwanga: manjano, iliyo katikati, hung'aa kuliko jirani zake, na jicho huona mpaka mahali ambapo tarakimu hazikuruka. Borland na Taylor waliikosoa desturi hii mwaka 2007. Mwaka 2015 ikatolewa mizani ya rangi iitwayo viridis, ambayo huanza gizani na kuongezeka mwanga kwa kiasi kilicho sawa. Maji ya maziwa ya Nakuru na Baringo yalipopanda kuanzia mwaka 2010 hivi, mashamba na nyumba vilifunikwa. Kwa mwenye nyumba kando ya ziwa, mpaka wa uongo katika ramani ya kina cha maji si dosari ndogo.

5. Pendekezo

Hapa Kiswahili hakina upungufu. Tuna kukolea, kufifia na kupauka, maneno yanayoeleza kadiri bila kukata mipaka. Maelezo ya ramani yaweza kusema: "Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo kina kinavyozidi." Hata asiyeitofautisha nyekundu na kijani ataelewa. Sisemi tuyatupe majina ya rangi saba. Nasema tusihangaike kutafuta jina la kila mstari ambao mvua haikuuchora, wala tusimkosoe mtoto aliyeutazama upinde wa Bahati akahesabu tano. Hesabu yake ina haki sawa na ile ya kwanza ya Newton.