Kusoma sanaa Ulaya: njia ya Sammy Baloji, kutoka Lubumbashi hadi Strasbourg

Katika familia nyingi za Goma, Bukavu ao Bunia, mtoto aliyepata diploma akisema anataka kusoma kuchora ao kupiga picha, jibu linajulikana: soma kwanza udaktari, sheria ao uchumi, michoro itafuata. Na akiongeza kwamba anataka kuisomea sanaa hiyo Ulaya, mazungumzo huishia hapo.

Sammy Baloji naye hakuanzia kwenye sanaa. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akasoma barua na sayansi za binadamu kwenye chuo kikuu cha mji huo. Alikuwa anachora vibonzo, na kamera ilimwingia mkononi kama chombo cha kumsaidia: alipiga picha za mitaa na watu ili apate mifano ya kuchora. Baadaye alienda Strasbourg, Ufaransa, kusoma picha na video kwenye shule ya sanaa ambayo leo inaitwa Haute École des Arts du Rhin.

Kilichomletea jina hakikuwa picha za Ulaya. Ni kazi yake inayoitwa Mémoire, iliyokamilika mwaka 2006. Alipiga picha viwanda na machimbo ya Gécamines yaliyobaki magofu, kisha akabandika juu yake picha za zamani za wafanyakazi weusi na wakubwa wazungu wa wakati wa Union Minière. Kwa mtu wa Katanga, hakuna haja ya kueleza sana. Babu anasimama pale alipofanya kazi, na nyuma yake chuma kinaoza.

Hapa ndipo safari ya nje inapopata maana ambayo wazazi hawaifikirii. Sehemu kubwa ya picha za zamani za Congo, sanamu na vinyago vyake, viko Ubelgiji. Mwaka 2011, Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, naye wa Lubumbashi, walionyesha kwenye makumbusho ya Tervuren kazi waliyoifanya kutokana na hazina ya makumbusho hayo. Mwaka 2019 Baloji alianza utafiti wa udaktari kwenye shule ya sanaa ya Sint Lucas, Antwerpen, juu ya kasala na lukasa. Kasala ni utenzi wa sifa wa Waluba. Lukasa ni kibao cha mbao chenye shanga, ambacho wazee walikisoma kwa kidole ili kukumbuka historia ya wafalme. Kijana wa Katanga anayetaka kukiona kwa macho anaweza kulazimika kuomba viza.

Na viza si jambo dogo. Balozi ziko Kinshasa, na kutoka Kivu hakuna barabara ya kufika huko kwa urahisi. Kwa Ufaransa, mwanafunzi anatakiwa kuonyesha kwamba ana angalau euro 615 kwa kila mwezi, mbali na tiketi na minervali. Bila burse, ni familia chache zinazoweza.

Dosie yenyewe pia ina siri yake. Shule za sanaa haziangalii pointi za shuleni peke yake. Zinataka kuona kazi. Wengi hutuma michoro minne ao mitano iliyo safi kabisa, wakati walimu wanapenda pia kuona daftari la majaribio, lenye makosa na vitu vilivyofutwa, ili wajue mtu anafikiri namna gani.

Kuna milango mingine. Kinshasa kuna Académie des Beaux-Arts, iliyoanza mwaka 1943 kama shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi. Kwa watu wa mashariki, Kampala iko karibu zaidi: chuo kikuu cha Makerere kinafundisha sanaa tangu Margaret Trowell alipoanzisha masomo hayo miaka ya 1930. Shida ni Kiingereza, lakini basi linafika.

Swali la wazazi kama mtoto atarudi ni la haki. Baloji anaishi kati ya Brussels na Lubumbashi, si jibu la ndiyo wala la hapana. Lakini mwaka 2008 alikuwa kati ya walioanzisha Picha, shirika la Lubumbashi linaloandaa biennale ya sanaa mjini humo. Faustin Linyekula, mcheza dansi aliyeanza kazi yake Nairobi katika miaka ya 1990, alirudi Congo mwaka 2001, akaanzisha Studios Kabako Kinshasa, kisha akaihamishia Kisangani, mji alikokulia. Vijana wa miji hiyo miwili wanaweza kuanza hapo kutengeneza kazi za kuweka kwenye dosie, kabla ya kuuza kitu chochote cha nyumbani ili kununua tiketi.